MAFUTA YA PETROLI: YALIKOTOKA NA YANAKOKWENDA

(Maneno ya hotuba iliyosomwa na Halmashauri ya Elimu ya Chama mbele ya wanachama, baada ya kuonyeshwa filamu ya televisheni juu ya historia ya mafuta. Imepigwa chapa hapa kwa ajili ya matawi ambayo hayakuweza kuhudhuria.)



Kwa Ijumaa nne mfululizo tumekaa pamoja katika ukumbi huu tukitazama filamu iitwayo The Prize, maana yake "Tunzo". Ina sehemu nane, nasi tulionyesha mbili kila jioni. Imetokana na kitabu cha Bwana Daniel Yergin wa Marekani, kilichopata tunzo ya Pulitzer mwaka 1992. Maneno yake yote ni ya Kiingereza, na wengi wenu mlituambia, "Picha tumeziona, lakini habari hatukuipata sawasawa." Kwa hiyo Halmashauri imeandika hotuba hii kwa Kiswahili, ili mtu asiye na Kiingereza asirudi nyumbani mikono mitupu.

Lakini hatukuja kufasiri tu. Tuna neno la kusema juu ya filamu yenyewe. Ni filamu nzuri, na aliyeitengeneza alifanya kazi ya bidii. Walakini mtu akiitazama tangu mwanzo hadi mwisho, atakayemkumbuka ni tajiri mwenye kofia ndefu, waziri katika ofisi yake, mfalme katika hema lake. Mtu aliyeshika nyundo na mnyororo anapita nyuma ya picha, uso umejaa mafuta, na jina lake halitajwi. Sisi ni watu wa nyuma ya picha. Basi usiku huu tutaieleza habari ile ile, ila tutamwita na yule mtu aje mbele.

DEBE

Tuanze na kitu mnachokijua wote, yaani debe. Nani hapa hajapima mahindi kwa debe? Nani hajachota maji kwa debe, au kuona nyumba iliyoezekwa kwa madebe yaliyopondwa? Wengi hudhani debe ni kipimo cha mahindi tangu zamani za mababu. Sivyo. Debe lilikuja katika nchi hizi likiwa na mafuta ya taa ndani yake, galani nne za Kiingereza, yaani lita kama 18. Mafuta yakaisha, bati likabaki, watu wetu wakalitia kazini. Hivyo kabla motokaa ya kwanza haijafika kijijini, mafuta ya petroli yalikwisha ingia nyumbani mwetu, na chombo chake kikawa kipimo cha chakula chetu.

Mafuta hayo yalitoka wapi? Mwanzoni hakuna aliyeyataka kwa motokaa, maana motokaa hazikuwapo. Watu wa Marekani na Ulaya walitaka taa. Walikuwa wakiwasha mafuta ya nyangumi, na nyangumi wakawa haba na bei ikawa kali. Ndipo kampuni moja ikamtuma Bwana Edwin Drake kwenda Titusville, katika jimbo la Pennsylvania, akachimbe. Drake alikuwa kondakta wa reli aliyeacha kazi kwa ugonjwa. Walimpenda kwa sababu moja kubwa: alikuwa bado na pasi ya kusafiri bure kwa garimoshi! Wakamwita "Kanali" ili watu wamheshimu, na ukanali hakuwa nao.

Filamu na vitabu husema kwamba Drake alichimba kisima cha kwanza tarehe 27 Agosti 1859. Lakini Drake hakujua kuchimba. Aliyechimba ni mhunzi mmoja, William Smith, aliyezoea kutengeneza vyombo vya kuchimbia visima vya chumvi, pamoja na mwanawe. Walifika futi 69 na nusu. Siku ya pili yake, Jumapili, Smith alikwenda kuangalia kisima wakati watu wengine wamepumzika, akaona mafuta yakielea juu ya maji. Wakati huo wenye fedha walikuwa wamekwisha kata tamaa, na barua ya kumwambia Drake afunge kazi ilikuwa njiani. Kama barua ingalitangulia, habari ingalikuwa nyingine.

Kisima kikaitwa kisima cha Drake. Na Drake naye hakupata kitu. Fedha zikamwishia, na mwaka 1873 serikali ya Pennsylvania ikamhurumia kwa kumpa pensheni, akafa 1880. Tazameni basi, ndugu: aliyechimba kwa mikono jina lake limefichwa, na aliyesimamia akabaki kwa pensheni ya huruma. Nani aliyetajirika?

MATAJIRI WALIJUA UMOJA KABLA YETU

Aliyetajirika ni John D. Rockefeller. Mwaka 1870 aliianzisha kampuni ya Standard Oil huko Ohio. Yeye hakukimbilia kuchimba visima. Alitazama akaona kwamba mwenye kisima leo ni tajiri na kesho kisima kimekauka, lakini kila mwenye kisima lazima asafishe mafuta yake na lazima ayasafirishe. Basi akashika viwanda vya kusafishia na akapatana kwa siri na wenye reli wamtoze nauli ndogo kuliko wenzake. Aliyekataa kumwuzia kiwanda alishushiwa bei mpaka akafilisika. Miaka kumi haikupita sana kabla ya Rockefeller kuwa na karibu tisa ya kumi ya kazi yote ya kusafisha mafuta Marekani.

Mwanamke mmoja, Ida Tarbell, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa hao wadogo waliobanwa, alichunguza mambo hayo na kuyaandika katika gazeti tangu 1902 hadi 1904. Watu wakafumbuka macho. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamuru Standard Oil ivunjwe, ikawa kampuni 34. Kalamu ya mtu mmoja ilifanya kazi yake, na ndiyo sababu sisi twashikilia gazeti letu hili, ijapokuwa ni la karatasi za kupigwa kwa mashine tu.

Lakini fundisho kubwa ni hili. Rockefeller alijua kwamba mmoja mmoja hushindwa. Aliwaunganisha wenye viwanda, akaweka bei moja, akasema kwa sauti moja. Tajiri akiungana na tajiri, watu humsifu kwamba ni mwerevu wa biashara. Mfanya kazi akiungana na mfanya kazi, huambiwa ni mchochezi. Kumbukeni hayo mtakapoambiwa kwamba chama cha wafanya kazi ni fitina.

Tena mafuta yalianza kwenda mbali. Mwaka 1892 meli iitwayo Murex, ya Bwana Marcus Samuel wa London, ilipita mfereji wa Suez ikiwa imejaa mafuta ya taa kutoka Urusi kwenda nchi za mashariki. Ilikuwa meli ya kwanza ya namna hiyo kupita pale. Samuel ndiye aliyeanzisha kampuni ya Shell, na madebe yake aliyapaka rangi nyekundu, kwa kuwa yale ya Standard yalikuwa ya buluu. Mnunuzi asiyejua kusoma alijua kwa rangi.

WALIOCHIMBA WALIPOSEMA

Sasa tumwite yule mtu wa nyuma ya picha. Tutawapeleka mahali patatu.

Kwanza Baku, pwani ya Bahari ya Kaspi, ambayo siku zile ilikuwa katika dola ya Urusi. Mwaka 1901 hivi karibu nusu ya mafuta yote ya dunia yalitoka Baku. Wachimbaji walikuwa Waazeri, Waajemi, Warusi na Waarmenia, kila watu na lugha yao na dini yao, na wenye visima walipenda wabaki hivyo. Mwezi Desemba 1904 wakagoma pamoja. Kabla mwezi kwisha walipata mapatano ya maandishi na wenye visima, na humo iliandikwa siku ya kazi ya saa tisa. Mapatano hayo yahesabiwa kuwa ya kwanza ya namna hiyo katika dola yote ya Urusi. Lakini miezi michache baadaye, mwaka 1905, Waazeri na Waarmenia walianza kuuana, visima vikachomwa moto, na faida nyingi ikapotea. Ndugu, mambo ya kabila tunayajua hapa kwetu. Yaliyojengwa na mgomo wa mwezi mmoja yalibomolewa na chuki.

Pili, Mexico. Chama cha wafanya kazi wa mafuta kilianzishwa 1935, kikiunganisha vyama vidogo vidogo. Mwezi Mei 1937 wakagoma wakidai nyongeza ya mshahara. Kampuni za Waingereza na Wamarekani zikasema, "Hatuna fedha." Serikali ikateua wataalam wakafungua vitabu vya hesabu, wakaona fedha zipo. Kesi ikaenda mpaka Mahakama Kuu, na tarehe 1 Machi 1938 mahakama ikasema wafanya kazi walipwe. Kampuni zikakaidi amri ya mahakama ya nchi waliyokuwa wakiitajirikia. Ndipo tarehe 18 Machi 1938 Rais Lázaro Cárdenas akatangaza kwamba mafuta ni mali ya taifa. Ilipotakiwa fedha za fidia, watu walipiga foleni mjini Mexico kuchanga, wengine wakaleta pete zao za arusi, wengine kuku.

Hatutawaficha yaliyofuata. Miaka ilipopita, baadhi ya viongozi wa chama kile wakawa matajiri wenyewe, wakiuza nafasi za kazi kwa rushwa. Kwa hiyo tukidai vitabu vya tajiri vifunguliwe, na vyetu navyo viwe wazi.

Tatu, Abadan, katika Uajemi, ambayo leo yaitwa Iran. Mafuta yalionekana huko Masjid-i-Suleiman mwezi Mei 1908. Mapatano ya mwaka 1901 yalimpa Mwingereza, Bwana D'Arcy, haki ya mafuta ya karibu nchi nzima, na Uajemi ingepata sehemu 16 kwa mia ya faida. Mwaka 1914 Serikali ya Kiingereza ilinunua sehemu kubwa ya kampuni hiyo, kwa sababu manowari zake zilikuwa zinaacha makaa ya mawe na kutumia mafuta. Abadan kikajengwa kiwanda kilichokuja kuwa kikubwa kuliko vyote duniani. Mabwana waliishi katika nyumba zenye bustani, na wafanya kazi wengi wakaishi katika vibanda vya vumbi.

Mwezi Julai 1946 wafanya kazi wa huko waligoma kwa maelfu, na watu wakauawa. Miezi sita tu baadaye, Januari 1947, Mombasa nzima ilisimama kwa mgomo mkuu: makuli, watu wa reli, maboi wa nyumbani, wote. Bandari mbili, bahari moja, na hatudhani mmoja wa Mombasa alimjua mmoja wa Abadan. Shida yao ndiyo iliyokuwa moja.

Mwaka 1951 bunge la Iran likayafanya mafuta kuwa mali ya taifa, na Bwana Mohammad Mossadegh akawa Waziri Mkuu. Uingereza ikazuia mafuta yasinunuliwe. Mwezi Agosti 1953 Mossadegh akaangushwa kwa mpango uliosaidiwa na majasusi wa Marekani na Uingereza. Mwaka 2013 karatasi za Marekani zenyewe zikatolewa zikikiri. Lakini habari haikuishia hapo. Mwishoni mwa 1978 wafanya kazi wa mafuta wa Iran waligoma tena. Nchi iliyokuwa ikitoa mapipa zaidi ya milioni tano kila siku ikashuka hadi milioni moja hivi katika majuma machache. Shah alikuwa na jeshi na vifaru, lakini askari hajui kufungua vali ya bomba. Januari 1979 akaondoka. Serikali iliyokuja baada yake nayo haikuwapa wafanya kazi uhuru wa vyama walioutaka.

BEI NA SISI

Habari za vita na za bei tutazipita upesi, kwa sababu filamu imezieleza vya kutosha. Mwezi Septemba 1960, mjini Baghdad, nchi tano zenye mafuta ziliungana: Iran, Iraq, Kuwait, Saudi Arabia na Venezuela. Huo ndio umoja wa OPEC. Tangu vita vya Oktoba 1973 hadi Januari 1974 bei ya pipa ilipanda karibu mara nne, kutoka kama dola tatu hadi karibu dola kumi na mbili. Nchi zetu zisizokuwa na mafuta zikaumia. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

Nasi hapa Kenya tuna historia yetu. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka 1963. Mwaka 1978 bomba la kutoka Mombasa hadi Nairobi likaanza kupitisha mafuta, na mwaka 1994 likafika Eldoret na Kisumu. Mwaka 2013 mitambo ya Changamwe ikazimwa, na tangu hapo petroli na dizeli yetu yote hufika kwa meli ikiwa imesafishwa ng'ambo. Matangi yamebaki kazini, lakini ufundi wa kusafisha, uliojifunzwa na vijana wetu kwa miaka hamsini, ulikwenda na waliokuwa nao.

Mafuta yametulisha, hatukatai. Dereva, utingo, fundi wa gereji, mtu wa kituo cha petroli, kuli wa Kipevu, wote wamesomesha watoto kwa mafuta. Lakini mafuta yametuzika pia. Tarehe 31 Januari 2009, Sachang'wan karibu na Molo, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya watu mia moja wakafa. Tarehe 12 Septemba 2011, katika mtaa wa Sinai, Nairobi, mafuta yalivuja kutoka bombani yakaingia mtaroni, na watu wapatao mia moja wakaungua. Wengine walisema, "Ni tamaa yao." Sisi twauliza: mtu anayehatarisha roho yake kwa debe moja la petroli, ni tamaa au ni njaa? Na nani aliyewaacha watu wajenge juu ya bomba, nani aliyewaacha bila onyo?

Mwanachama wetu mmoja, dereva wa lori la mafuta, alisimama Ijumaa ya tatu akatueleza. Kwa miaka mingi aliendesha usiku kucha kutoka pwani hadi mpakani. Tajiri wake alimlipa kwa safari, wala si kwa saa, kwa hiyo aliyelala alikula kidogo. Siku moja aliripoti kwamba breki hazishiki. Akaambiwa, "Kama unaogopa, wako vijana mlangoni." Aliendesha. Akaokoka. Mwenzake wa lori la nyuma, juma lile lile, hakuokoka. Mwanachama huyo alikaa kitini bila kumaliza maneno yake, nasi hatukumlazimisha.

Ndugu, hata ng'ambo kwenye mitambo mikubwa ni hivyo hivyo. Piper Alpha, mtambo wa baharini karibu na Scotland, uliteketea tarehe 6 Julai 1988 na kuua watu 167. Deepwater Horizon, katika Ghuba ya Mexico, ulilipuka tarehe 20 Aprili 2010 na kuua wafanya kazi 11. Mara nyingi dunia hukumbuka mafuta yaliyomwagika kuliko watu waliokufa.

YANAKOKWENDA

Filamu yetu ilitengenezwa muda mfupi baada ya vita vya Ghuba vya 1991. Yaliyotokea tangu hapo haikuweza kuyaonyesha. Basi hapa tunaiacha, tunaendelea peke yetu.

Dunia ya leo hutumia kama mapipa milioni mia moja ya mafuta kila siku, na pipa moja ni lita 159. Zamani watu waliogopa kwamba mafuta yatakwisha ardhini. Siku hizi hofu kubwa ni nyingine, kwamba tukiyachoma yote hali ya hewa itaharibika. Moshi wa makaa na mafuta hujaza hewa ya kaboni, nayo huzuia joto lisitoke kama blanketi lifunikavyo mtu. Kabla ya viwanda, hewa hiyo ilikuwa kama sehemu 280 katika milioni. Sasa imepita 420. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua mfululizo ilikosekana kaskazini ya nchi yetu. Ng'ombe na ngamia walikufa njiani. Na huko huko kaskazini, katika Turkana, mafuta yalionekana mwezi Machi 2012, katika kisima kilichoitwa Ngamia. Mafuta chini, ukame juu, na mchungaji katikati.

Mafuta ya Turkana yalianza kubebwa kwa malori mwaka 2018, na mwezi Agosti 2019 shehena ya kwanza ikapakiwa melini Mombasa. Mwaka huo huo wa 2018 wenyeji walifunga barabara wakidai usalama na haki yao. Sheria ya mafuta ya 2019 iliandika sehemu 20 kwa mia kwa kaunti na 5 kwa mia kwa wenyeji. Kwa jirani zetu Uganda mafuta yalipatikana 2006, na bomba lake ni la kilomita 1,443, kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Kwa hiyo sisi wa Afrika ya Mashariki twafika karamuni wakati wengine wanaanza kukunja mikeka.

Maana wengine wanakunja kweli. Katika mkutano wa Dubai wa Desemba 2023 mataifa yaliandika, kwa mara ya kwanza, kwamba dunia iondoke polepole katika mafuta, gesi na makaa. Norway, nchi iliyotajirika kwa mafuta na kuweka akiba yake katika mfuko wa taifa ulioundwa 1990, mwaka 2024 karibu motokaa tisa katika kila kumi mpya zilizouzwa huko zilikuwa za umeme. Hapa Nairobi mmekwisha ona mabasi ya umeme na bodaboda zisizonguruma. Umeme wetu sehemu kubwa hautoki kwa mafuta, bali kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, na upepo wa Loiyangalani.

Je, hayo ni mema au mabaya kwetu? Mtoto asiyevuta moshi wa stovu ya mafuta ya taa ni jambo jema. Lakini angalieni namna mambo yafanywavyo. Mwezi Septemba 2018 serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili watu wasiyachanganye na dizeli. Wezi wa kuchanganya walikuwa wachache. Waliolipa ni kila mama mwenye kibatari. Na kule Grangemouth, Scotland, kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofunguliwa 1924 kilizimwa mwezi Aprili 2025. Wafanya kazi mia kadhaa walipoteza kazi. Ahadi za kazi mpya zilikuwa nyingi, lakini kiwanda kilifungwa kwanza na kazi zikaachwa zije baadaye. Ikiwa huko wenye vyama vya miaka mingi walitendwa hivyo, sisi tukilala tutaamka wapi?

NENO LETU

Halmashauri haisemi mafuta yaendelee milele, wala haisemi yazimwe kesho. Yakija mabadiliko, mfanya kazi asiwe kama William Smith, ambaye kazi ilikuwa yake na faida ya wengine. Kwa hiyo tunapendekeza matawi yote yajadili mambo haya matano na kutuma majibu:

1. Kila mkataba mpya wa mafuta, gesi au bomba uandikwe wazi, na chama kipewe nakala kabla ya kutiwa sahihi.

2. Madereva wa malori ya mafuta walipwe kwa saa na si kwa safari, na dereva awe na haki ya kukataa gari bovu bila kufukuzwa.

3. Kabla ya kiwanda, kituo au gereji kufungwa, wafanya kazi wapewe taarifa mapema, malipo yao kamili, na mafunzo ya kazi mpya wakiwa bado mshaharani. Fundi wa injini ya dizeli aweza kuwa fundi wa injini ya umeme akifundishwa.

4. Kazi mpya za umeme, jua na upepo ziingizwe katika vyama tangu siku ya kwanza. Kijana wa bodaboda ya umeme ni mfanya kazi kama kuli wa 1947, wala asiambiwe kwamba yeye ni "mfanya biashara" ili anyimwe haki zake.

5. Sehemu ya wenyeji wa Turkana iliyoandikwa katika sheria ilipwe hadharani, nasi tusimame nao. Leo ni wao, kesho ni sisi.

Mtu mmoja aliuliza mlangoni, "Haya yote makubwa, mimi mpiga pampu naweza nini?" Twamjibu kwamba mwaka 1904, Baku, kila mchimbaji peke yake alikuwa mdogo kuliko yeye. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kadi yako ya chama, ada yako ya mwezi, kuja kwako mkutanoni hata mvua ikinyesha, hivyo ndivyo vidole vingine.

Ndugu wanachama, mtakaporudi nyumbani usiku huu, litazameni debe lililo jikoni. Limepita mikononi mwa watu wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Waambieni watoto lilikotoka.

Mkutano wa matawi utatangazwa katika toleo lijalo. Makatibu walete majibu kwa maandishi, na wasiojua kuandika wamtafute karani wa tawi awaandikie; hakuna malipo.

Umoja ni nguvu.

Halmashauri ya Elimu ya Chama